Wakaguzi wainame chini ya Hiace zetu



Nina dukuduku kuhusu magari yanayotubeba abiria wa Tabora, hasa Hiace zinazotoka mjini kwenda vijiji vya Uyui, Sikonge na Kaliua. Nimekuwa fundi wa malori hadi nikastaafu, kwa hiyo nasema mambo niliyoyashika kwa mikono yangu.

Juzi nilipanda Hiace moja kwenda msibani. Tangu tulipoacha lami, upande wa mbele kushoto uligonga kila tulipoingia shimoni. Nikamwambia dereva hiyo ni boli jointi imekwisha. Akanijibu kwa heshima, "Mzee, gari limekaguliwa, stika hiyo hapo kwenye kioo." Na kweli stika ilikuwepo.

Ukaguzi ninaouona unahusu taa, honi, waipa, mtungi wa kuzimia moto na karatasi za bima. Vyote ni vya lazima. Lakini sijaona mkaguzi akilala chini ya gari, wala gari likipigwa jeki ili gurudumu litikiswe. Ilhali boli jointi ndiyo inayoshikilia gurudumu la mbele. Ikichomoka, gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena, hata dereva awe hodari namna gani.

Wengi hudhani springi na shokapu ni mambo ya starehe tu. Sivyo. Springi hubeba uzito na kupokea kishindo cha shimo, kisha hutaka kuruka juu, ishuke, iruke tena. Shokapu ndiyo huituliza: ndani yake mna mafuta yanayosukumwa kupita matundu madogo, na ile nguvu ya kurukaruka hugeuka joto. Kwenye barabara ya vumbi iliyofanya mawimbi, shokapu haipumziki. Inachemka, sili zinachoka, mafuta yanavuja. Ikikauka, tairi linadunda badala ya kukanyaga ardhi, na tairi lililo hewani halishiki breki. Gari lililojaa watu, na magunia juu ya keria, litachelewa kusimama ng'ombe au mtoto anapokatiza.

Abiria anaweza kuziona dalili kabla hajapanda. Gari limeinamia upande mmoja likiwa tupu. Shokapu imelowa mafuta na vumbi limegandia. Tairi limeliwa kwa mabaka. Ukiikandamiza kona ya gari kwa nguvu na kuiachia, inaendelea kunesanesa. Na ukiliona gari kwa nyuma likienda kiupandeupande, huenda senta bolti ya springi imekatika na ekseli imehama.

Halafu kuna ufundi wa kubahatisha. Jani la springi likikatika, linachomelewa. Chuma kile kilipikwa na kupozwa kwa kipimo. Moto wa weldingi unaharibu mnyumbuko wake, na kitakatika tena kando ya kiungo. Wengine huongeza majani ili gari libebe zaidi, na kishindo kinahamia kwenye chesisi na migongoni mwetu. Dereva simlaumu peke yake. Jioni anadaiwa hesabu na tajiri, na gari likilala gereji hesabu haipungui.

Na kuhusu uzito, tunaishi kwenye njia ya zamani ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wapagazi wa Kinyamwezi walipitisha hapa pembe za ndovu na vitambaa mabegani, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa na kipimo chake, kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Leo Hiace inapakiwa hadi springi inalala, na hakuna anayeuliza uzito.

Naomba wanaosimamia ukaguzi mkoani kwetu wachimbe shimo la kukagulia magari karibu na stendi, na stika isitolewe kabla ya mtu kushuka humo na tochi na nondo ya kutikisia viungo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu barabarani, na gari lenye boli jointi iliyokwisha ni bovu hata likiwa na stika. Matajiri wa magari, nunueni spea nzima. Abiria wenzangu, mkisikia gari linagonga chini, mwambieni dereva asimame, na akikataa teremkeni kituo kinachofuata.

Fundi mstaafu,
Ipuli, Tabora