KINOO CHA WEMBE NA MAWE MATATU

Wembe ukikwaruza shingo ya askari asubuhi ya gwaride, lawama zote huuangukia wembe. Mara nyingi mkosaji ni kinoo. Katika nyumba nyingi jiwe moja hunolea kisu cha jikoni, panga la shamba na wembe wa baba. Tena watu hunoa katikati tu, jiwe likalika hapo na kufanya bonde. Wembe wa kukunja hulazwa mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja. Juu ya bonde, sehemu moja ya makali hulika kupita kiasi na nyingine hubaki butu.

Huko Nakaloke, kaskazini ya Mbale kando ya barabara iendayo Kumi na Soroti, jambo hili lafahamika upesi. Ni jirani ya Wagisu, ambao huwatahiri vijana wao kwa mila ya imbalu katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na ufunguzi hufanyika Mutoto, karibu na mji wa Mbale. Mzazi aliyemsimamia mwanawe mbele ya ngariba hahitaji kuelezwa thamani ya makali yasiyo na meno.

Kulipima jiwe ni rahisi. Lioshwe, likauke, kisha lichorwe mistari ya penseli uso mzima. Msasa wa maji namba 220 utandazwe juu ya kipande cha kioo kinene, umwagiwe maji, na jiwe lisuguliwe juu yake kwa mzunguko, likigeuzwa kila mara ili mkono usielemee upande mmoja. Mistari ikibaki katikati, hapo ndipo penye bonde. Ikifutika yote, jiwe limesawazika. Kwa kulainisha, kazi irudiwe kwa msasa namba 400, na kingo zipunguzwe ukali kidogo zisimeguke. Sakafu ya saruji haifai, kwani yenyewe haikunyooka.

Pasipo msasa, yatosha mawe matatu ya aina moja. Mawe mawili yakisuguana peke yake huweza kudanganyana: moja likawa bonde, la pili likawa kilima, yakaonana vyema na yote mawili yamepinda. La tatu ndilo shahidi. La kwanza lisuguliwe na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza, kwa maji mengi na kwa zamu fupi, hata yote matatu yagusane pasipo mwanya. Jiwe la chembe kubwa lisichanganywe na la chembe laini.

Kazi yote ifanyike kwa maji, kwa sababu vumbi la mawe likivutwa mara kwa mara hudhuru mapafu. Watoto wakae mbali. Jiwe lisuuzwe vizuri kabla ya kunoa, maana punje moja ya msasa yatosha kung'oa makali. Kinoo cha wembe kisiguswe na panga tena.

Hata wembe ulionolewa vyema usipite kwa mtu wa pili, wawe ndugu au askari wa bweni moja. Damu isiyoonekana kwa macho huweza kupitisha UKIMWI na homa ya ini. Wembe uwe wa mtu mmoja. Mawe yaweza kuwa ya jirani watatu. Jifya moja haliinjiki chungu, na jiwe moja halijisawazishi.