Kuchafuliana redioni wakati wa kampeni: sheria ipo, mwamuzi ndiye anayetiliwa mashaka

Kampeni ya uchaguzi wa rais nchini RDC inadumu siku 30. Ya mwisho ilianza tarehe 19 Novemba 2023 na kufungwa tarehe 18 Desemba, siku mbili kabla ya kura. Katika mwezi kama huo redio zinajaa nyimbo za sifa, hotuba na maneno ya kumchafua mpinzani. Swali linarudi kila mara: nani ana haki ya kuzuia maneno hayo, na kwa kipimo gani?

Kwenye karatasi, jibu lipo. Kifungu cha 212 cha Katiba ya 2006 kimeunda CSAC, baraza linalolinda uhuru wa vyombo vya habari na kuhakikisha vyama vyote vinapata nafasi kwa haki kwenye vyombo vya serikali. Kifungu cha 74 cha kanuni ya adhabu kinampa kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 anayemsingizia mtu hadharani jambo la kumvunjia heshima. Na tangu 1966 kuna sheria inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila.

Sheria hizo zinatusaidia kuona mpaka. Kumuuliza rais barabara aliyoahidi iko wapi, hata kwa maneno makali, ni siasa. Kusema kwamba mgombea si Mkongomani wa kweli ni jambo lingine. Mwaka 2006 kambi ya Jean-Pierre Bemba ilimnadi kama mtoto halisi wa Congo, na kila mtu alielewa kwamba anayelengwa ni Joseph Kabila. Mwaka 2023 Félix Tshisekedi aliwashambulia wagombea aliosema wanatumikia nchi za nje, na wengi walimwona Moïse Katumbi katika maneno hayo. Sisi wa mashariki tunajua maneno ya asili ya mtu yanaweza kufika wapi. Agosti 1998, vita ilipoanza, redio ya Bunia ilihimiza wasikilizaji kuchukua mapanga na mikuki dhidi ya Watutsi.

Kwa hiyo sheria haikosekani. Kinachokosekana ni mwamuzi anayeaminiwa na pande zote. HAM, iliyotangulia CSAC, iliporwa ofisi zake Kinshasa tarehe 27 Julai 2006, siku ya mkutano mkubwa wa Bemba. Novemba 2011 mawimbi ya RLTV, kituo cha mpinzani Roger Lumbala, yalikatwa baada ya kurusha maneno ya Étienne Tshisekedi aliyejitangaza rais kabla ya kura. Mwaka 2016 vituo vya Katumbi, Nyota na Mapendo, vilifungwa Lubumbashi. Na tarehe 2 Juni 2025, siku chache baada ya Kabila kuonekana Goma, CSAC ilikataza vyombo vya habari kutangaza shughuli zake na za chama chake PPRD kwa siku 90.

Mfululizo huo unafundisha jambo moja: adhabu iliyozoeleka ni kuzima redio, na mara nyingi inayozimwa ni ya mpinzani. Msikilizaji anabaki na uongo aliousikia, na zaidi ya hapo anakosa habari.

Marekani ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya 1934 inakataza kituo kukata maneno ya mgombea, na mwaka 1959 Mahakama Kuu iliamua kwamba kituo hakiwezi kushtakiwa kwa kashfa iliyomo ndani ya maneno hayo. Lakini tangu sheria ya 2002, mgombea wa ngazi ya taifa lazima asikike kwa sauti yake akisema ameidhinisha tangazo lake.

Uhuru huo wa kwanza ni hatari kwetu, tukikumbuka Bunia. Sharti la pili lingetufaa: anayemchafua mwenzake ajitaje, ili anayeshtakiwa awe yeye na si mtangazaji wa redio ndogo ya Beni au Uvira. Na aliyechafuliwa apewe haki ya kujibu, ambayo sheria ya habari ya Machi 2023 inaitambua, kwenye redio ileile, saa ileile, kabla ya kampeni kwisha. Jibu linalokuja baada ya kura halimrudishii mtu chochote.

Uchaguzi ujao ni 2028. Kanuni zikiandikwa sasa, kabla wagombea hawajajulikana, hakuna atakayesema zimeandikwa juu yake.