Chumba cha Kupanga, Mji wa Wenyewe

Muhula uliopita, katika kikao cha chama chetu, nilisoma sehemu ya hadithi yangu ambayo mandhari yake ni Mji wa Kale wa Mombasa. Nilipomaliza, mwenzangu mmoja alisimama akaniuliza: "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa Ekalakala. Mji wa Kale umeujulia wapi?" Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini swali lile lilinifuata hadi bwenini. Makala haya ndiyo jibu langu, na wahariri waniwie radhi nikilijibu kwa marefu.

Niliujulia katika chumba cha kupanga. Nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu, nilipanga chumba cha ghorofani katika nyumba ya bi mkubwa mmoja, mjane, kwa muda wa miezi miwili. Kilikuwa na kitanda, meza moja yenye mguu mfupi niliouwekea kigae, na dirisha lililotazama kichochoro chembamba kiasi kwamba jirani wa upande wa pili aliweza kunipokeza kikombe cha kahawa bila ya kutoka kwake. Mchana nilikwenda kuhoji watu. Usiku niliandika hadithi. Nilijihisi msanii kamili. Nilidhani kwamba kodi niliyolipa ilikuwa imekwisha kuninunulia mji.

Siku moja bi mkubwa aliniomba nimsomee ninayoyaandika. Nilimsomea kwa mbwembwe mandhari ya bibi harusi mtarajiwa aliyekaa chumbani mwake peke yake, amejitanda buibui, akilia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu mwari yuko chumbani kwake, mlango kaufunga. Buibui anamvalia nani?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimewaona wanawake wa mji ule njiani tu, na kwa kuwa njiani huvaa buibui, mimi nikawavika hadi vitandani mwao. Jioni ile nilimvua mhusika wangu buibui nikampa leso mbili, na hapo ndipo alipoanza kuzungumza kama mtu.

Kosa la pili lilikuwa la aibu zaidi. Niliandika kwamba nusu ya mwezi iling'ara juu ya bandari huku bamvua likijaa. Sentensi ile niliipenda sana. Mzee mmoja mvuvi, ambaye hukaa kwenye baraza ya nyumba ile baada ya alasiri, alinitaka niirudie. Nikairudia. "Bamvua la nusu mwezi umeliona wapi, mwanangu? Au huko kwenu Ukambani mna bahari yenu?" Akanieleza kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba nusu ya mwezi huwa ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Neno bamvua nilikuwa nalo tangu shule ya sekondari. Nilikuwa nimelihifadhi kama msamiati, pasipo maji ndani yake.

Kwa hiyo nakubaliana na mwenzangu kwa nusu. Ni kweli kwamba wengi wetu wa bara tunaiandika pwani kwa kupamba: minazi, marashi, milango ya nakshi. Lakini siafiki kwamba dawa ni kila mtu kubaki kwao. Riwaya ya Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, inaanzia Tanga, na marehemu Ken Walibora alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya. Kezilahabi alitoka Ukerewe, katikati ya Ziwa Viktoria, na diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 ikawa kitovu cha mjadala wa ushairi ambao hadi leo tunautungia maswali ya mtihani. Tukianza kuwauliza waandishi vyeti vya kuzaliwa, maktaba yetu itabaki na rafu chache.

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, iko kwingine: ni pale mpangaji anapokuwa na nguvu kumshinda mwenye nyumba. Mfano wake mashuhuri uko China. Mji wa kale wa Lijiang, katika jimbo la Yunnan, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1997. Wageni wakamiminika, wafanyabiashara na wasanii miongoni mwao, wakapanga vyumba vya kuuzia na vya kufanyia kazi. Wenyeji wengi wa kabila la Wanaxi wakaona ni faida kuzikodisha nyumba zao, wakahamia mji mpya. Mapaa yamebaki yale yale. Waliokuwa wakilala chini yake wamehama. Mchoraji anayepanga studio ya muda katika mji wa namna hiyo anachora nini? Anawachora wapangaji wenzake.

Wala tusidhani kwamba ni habari ya mbali. Kauri za China zilifika katika vidaka vya nyumba za Lamu karne nyingi zilizopita. Haitakuwa ajabu kama na hili likifika. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Pale Shela, mwendo mfupi kutoka Lamu, nyumba nyingi za mawe zimekwisha nunuliwa na wageni. Hata hivyo, kuna jambo moja linalofanyika huko ambalo nalisifu. Tangu mwaka 2011, kupitia tamasha lililoasisiwa na Mjerumani Herbert Menzer, wachoraji kutoka nje, na baadaye hata wa kwetu, wamekuwa wakikaa Lamu kwa majuma kadhaa wakichora nje, vichochoroni na ufukoni. Anayechora nje hawezi kujificha. Mtoto atasimama nyuma yake na kumwambia kwamba punda wake ana masikio ya sungura.

Na sisi watu wa Machakos tuna ushahidi wetu. Mutisya Munge wa Wamunyu alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na huko akajifunza uchongaji kwa Wazaramo. Alirudi nyumbani na ujuzi ule, akachonga, wenziwe wakachonga, hata Wamunyu ikawa jina la vinyago. Baadaye wachongaji wa Kikamba waliteremka Mombasa wakapanga vyumba, na mwaka 1963 chama chao cha ushirika kikaanzishwa Changamwe. Watu hawa walijifunza kwa wenyewe, wakarudi na walichojifunza.

Nina pendekezo kwa chama. Kila mwaka tunakusanya pesa za basi, tunashuka Mombasa, tunapiga picha mbele ya Ngome ya Yesu, tunarudi. Pesa hizo zingetosha kumlipia mwanachama mmoja chumba cha mwezi mzima Mji wa Kale, kwa sharti moja: kabla ya kuondoka awasomee wenyeji alichoandika, kwenye baraza zao, na akubali kuchekwa.

Na mwanachama mmoja wa pwani aje Ekalakala. Ataandika kwamba wanawake wanateka maji mtoni, kisha atapelekwa mtoni na kukuta mchanga mtupu, na ataonyeshwa jinsi ya kufukua kisima katika mchanga huo na kungoja maji yajikusanye, kata moja baada ya nyingine. Mama yangu ana chumba cha nje. Paa ni la bati, mchana hakukaliki, lakini jioni kuna kivuli cha mwembe na wazee wenye nafasi ya kusikiliza. Kodi wataelewana.