Tochi ni Zana ya Kazi

KUMEZUKA siku hizi mawazo, hasa miongoni mwetu sisi tulio mijini, kwamba tochi imekwisha siku zake. Hoja inayotolewa ni nyepesi kueleweka: kila mtu ana simu, kila simu ina taa, basi ya nini kununua chombo cha pili kifanye kazi ambayo cha kwanza tayari kinaifanya? Hoja hiyo ina ukweli wake kwa mtu anayetafuta tundu la ufunguo kwenye ngazi za jengo la Kariakoo umeme ukikatika. Kwa mkulima wa Malolo, kule Ruangwa na Nachingwea, haina ukweli, na makala hii inakusudia kueleza kwa nini.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi taa ilivyoingia ndani ya simu. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu ya aina ya 1100, yenye taa ndogo utosini. Simu hiyo iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Watanzania walipoipokea simu ya namna hiyo hawakuiita kwa namba yake, wala kwa kazi yake ya kupeleka sauti. Waliiita kitochi. Hadi leo jina hilo limebaki kuwa jina la simu yoyote ya vibonye ya bei nafuu. Hapana shaka kwamba wananchi, katika kuchagua jina hilo, walitaja kile walichokuwa wakikihitaji.

Lakini kitochi kilikuwa na sifa mbili ambazo simu za kupangusa zimezitupa. Betri yake ilikaa siku kadhaa bila kuchajiwa, na taa yake ilikuwa mbele, hata mtu akiielekeza njiani kama tochi ya kawaida. Simu ya kupangusa ina taa mgongoni, ubavuni mwa kamera, kwa sababu iliwekwa kwa ajili ya picha, na betri yake aghalabu haimalizi siku moja ya matumizi. Taa hiyo haina kioo cha kuukusanya mwanga na kuusukuma mbele. Inamwaga mwanga mpana unaofaa meza, kitabu au sufuria, na hatua chache mbele mwanga huo umekwisha.

Sasa tuutazame usiku wenyewe. Mjini, hata umeme ukikatika, kuna taa za magari na za majirani wenye jenereta. Malolo, mwezi usipokuwapo, giza ni giza. Na usiku huo si wa kulala kwa kila mtu. Mahindi yakikaribia kuvunwa, mkulima hukesha katika dungu akiwafukuza nguruwe. Ufuta ukishakatwa na kusimamishwa mafungu ili ukauke, mwenyewe hauachi peke yake shambani. Korosho zikianza kudondoka, watu huwa njiani kabla hapajapambazuka, akina mama na watoto wakiwa miongoni mwao.

Njia hiyo, tena, mara nyingi ni ndefu, na urefu wake una historia. Operesheni Vijiji, iliyofanyika kati ya mwaka 1973 na 1976, iliwaleta watu karibu na barabara, shule, zahanati na visima, na faida hiyo hakuna mtu mwenye haki anayeweza kuikana. Lakini mikorosho haikuweza kuhama. Ilibaki ilikopandwa, na wenye mikorosho wakawa watu wa kwenda na kurudi. Msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya tani 145,000 hivi za korosho. Kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 20,000. Bei mbaya na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia sana, lakini umbali ule nao ulikuwa mojawapo ya sababu. Zao hilo limekwisha kufufuka, na msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000. Umbali kati ya nyumba na shamba kwa wengi umebaki palepale.

Katika njia hiyo yumo kifutu, ambaye mahali pengine huitwa moma. Nyoka huyu ni hatari kwa tabia yake kuliko kwa mbio zake, maana hakimbii. Anaitegemea rangi yake inayofanana na majani makavu, anatulia palepale, na huuma anapokanyagwa. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Shirika hilo linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka, na wengi kupita hao hubaki na vilema. Wanaoumwa ni wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini. Miongoni mwa ushauri unaotolewa na wataalamu mna mambo mawili yasiyohitaji hospitali wala mtaalamu: kuvaa viatu vinavyofunika mguu, na kumulika unapokwenda usiku.

Tumwangalie basi mtu anayemulika kwa simu. Anaishika usawa wa kifua, kioo kikimwangaza yeye mwenyewe machoni na kumpunguzia uwezo wa kuona gizani. Mkono mmoja umefungwa kwa kitu cha bei ya magunia kadhaa ya mahindi, kwa hiyo akijikwaa anaiokoa simu kwanza na mwili baadaye. Na simu ikilia, mkono hupanda sikioni, mwanga hupanda nao, miguu ikabaki gizani ikiendelea kutembea. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa msomaji aliyeketi kitini. Kwa kifutu si dogo.

Tembo nao wana hesabu yao. Katika miaka hii ya 2020 wananchi wa Nachingwea, Liwale na Ruangwa wamelalamika mara kwa mara juu ya tembo wanaoingia mashambani. Kaskazini mwa nchi vikundi vya walinzi wa mashamba vimefunzwa kuwafukuza wanyama hao kwa hatua: kwanza mwanga mkali wa tochi, kisha honi, kisha pilipili, na mwisho fataki. Hatua ya kwanza ni tochi kwa sababu inamwezesha mlinzi kumwona mnyama akiwa bado mbali. Mtu anayemwona tembo kwa taa ya simu amekwisha kumkaribia mno.

Hata hivyo, hoja kubwa kuliko zote haimo katika ukali wa mwanga. Imo katika chaji. Simu ya mwananchi wa leo ni benki yake, tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 na mitandao mingine ikafuata. Ni njia yake ya kumwita jirani, mtendaji wa kijiji au dereva wa bodaboda. Ni njia pia ya kuita usafiri wa dharura wa m-mama, kwa namba 115, mama mjamzito anapozidiwa usiku. Serikali imefanya kazi kubwa kuuleta mfumo huo, na kuupiga hakuna malipo. Lakini namba ya bure haisaidii kitu katika simu iliyozimika kwa sababu ilitumika kumulika njia ya kutoka shambani. Anayetumia simu kama tochi anachoma akiba ya dharura kwa ajili ya mahitaji ya kila siku. Ni sawa na kula mbegu.

Watasema wengine kwamba umeme umefika. Umefika kweli: Serikali ilitangaza kukamilisha kuufikisha katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Vitongoji, hata hivyo, ni zaidi ya 64,000, na kuunganisha kijiji hakukuwa na maana ya kuunganisha kila nyumba, achilia mbali dungu la shambani. Dungu halitapata umeme wa gridi, wala hakuna anayelidai.

Sina nia ya kuisifu tochi kupita kiasi. Wazee wanakumbuka tochi za bati zilizotumia betri mbili au tatu, na balbu iliyokatika nyuzi kwa kuangushwa mara moja tu. Nchi ilikuwa na kiwanda cha betri Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 na kampuni ya Matsushita ya Japani. Hata hivyo bidhaa zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980 betri ziliadimika nazo, na watu wakawa wanazianika juani ili wapate mwanga wa usiku mmoja zaidi. Siku hizi taa ndogo zisizotumia nyuzi zimeondoa adha ya balbu, na betri zilezile sasa zinadumu mara nyingi zaidi ya zamani. Kilichoharibika ni uaminifu wa bidhaa. Madukani na minadani zimejaa tochi za kuchaji zilizoandikwa nguvu ambazo hazinazo, ambazo baada ya miezi miwili hazishiki chaji. Mkulima akinunua tatu za namna hiyo kwa mwaka ametumia fedha nyingi kuliko ya tochi moja nzuri, kisha anarudi kwenye simu akiamini kwamba tochi zote ni utapeli. Betri kuukuu nazo hutupwa shambani au chooni, karibu na maji tunayokunywa.

Hapa linajitokeza jambo la kushangaza. Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, na mgodi wa Lindi Jumbo umejengwa huko kwa ajili hiyo. Kinywe ndicho kinachounda ncha hasi ya betri za lithiamu, zilizomo katika simu na katika tochi mpya za kuchaji. Mtu wa Ruangwa anakanyaga malighafi ya betri, kisha ananunua betri mbovu iliyovuka bahari mbili. Kwenye miti hapana wajenzi! Sitarajii kiwanda cha betri kesho, kwani kiwanda cha namna hiyo kinadai mtaji na utaalamu mkubwa, lakini kuunganisha tochi kwa vipande vilivyoagizwa ni kazi ambayo SIDO ingeweza kuwafundisha vijana wetu bila makeke.

Kwa sasa lipo linalowezekana zaidi. Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, kinachowaunganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kina vyama vya msingi na maghala hadi vijijini, na salfa ya mikorosho huwafikia wakulima kwa njia hiyohiyo. Haioni kwamba tochi imara, iliyopimwa, inayochajiwa kwa waya uleule wa simu au kwa kipande cha sola, yastahili kukaa katika ghala hilo kando ya salfa? Ushirika ukinunua nyingi kwa pamoja, bei itashuka na muuzaji atawajibika. Iuzwe kwa hiari, si kwa makato ya lazima, maana mkulima amekwisha kuchoshwa na makato. Na ghala hilohilo liwe na pipa la kukusanyia betri kuukuu.

Shirika la Viwango nalo linajua njia ya kwenda Ruangwa. Minada ya korosho huanza Oktoba, fedha huingia mikononi, na wachuuzi hufika na mabegi ya tochi kabla hata malipo ya kwanza hayajatoka. Wakaguzi wapange safari yao kwa mwezi huo, waanzie minadani badala ya maduka ya Lindi mjini, na wachukue tochi za kupima kabla hazijauzwa.