Nyumba Inayobebeka na Sheria ya Fidia

Mthamini wa ardhi anapofika mahali patakapopita barabara au bwawa, jicho lake huangalia kwanza kile kilichoshikamana na udongo: msingi, ukuta, bati, mgomba, mbuni. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hivyo ndivyo sheria inavyomwelekeza. Lakini wako wananchi wengi ambao mali yao haikushikamana na udongo, nao ndio wanaotoka mikono mitupu.

Mfano hauko mbali. Barabara kuu ya TANZAM inapopita Soweto, jijini Mbeya, kando yake vimejaa vibanda vya mbao na mabati vinavyoweza kubomolewa asubuhi na kusimikwa kwingine jioni. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka meta 45 hadi 60. Mwenye nyumba ya matofali aliyekuwapo kihalali katika eneo lililoongezwa hustahili fidia ardhi yake inapotwaliwa. Mwenye kibanda huambiwa abebe mbao zake. Ni kweli, mbao hubebeka; wateja hawabebeki.

Kanuni za Ardhi za 2001 hazina ubaya wa nia. Zinataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi, na faida iliyopotea. Walimu wa hisabati waziweke ubaoni, wanafunzi wazikokotoe wenyewe. Posho ya makazi ni kodi ya pango ya mwezi mmoja mara 36. Nyumba ya fito na nyasi haina kodi ya soko, na sifuri mara 36 ni sifuri. Faida iliyopotea nayo ni faida ya mwezi mara 36, ila ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapobidi na inapowezekana. Ni mfugaji gani, au muuza nyanya gani, mwenye mkaguzi wa hesabu? Posho ya usumbufu ni asilimia ya thamani ya mali. Mali ikithaminiwa kidogo, na usumbufu huhesabiwa kuwa mdogo. Posho ya usafiri ni gharama ya kuchukua tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilometa 20.

Sasa na tuitazame Usangu. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 1993, na maji yake ndiyo yanayosaidia kujaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, yenye uwezo wa megawati 80 na 204. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji, wakiwamo Wasukuma, Wabarbaig na Wamasai, waliondolewa katika bonde hilo pamoja na mifugo yao, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Umbali huo ni mamia ya kilometa. Kilometa 20 za kanuni haziwafikishi hata nje ya wilaya ya Mbarali.

Jambo hili lina uchungu wa pekee kwa mwanasayansi, kwani utafiti uliokwisha kufanywa Usangu kabla ya hapo ulionyesha kuwa chanzo kikubwa cha ukame wa mto ni maji yanayochepushwa kwenda mashambani wakati wa kiangazi, zaidi ya kwato za ng'ombe. Utafiti ulikuwapo, lori lilitangulia kuusoma.

Marekani, ambako watu wengi huishi katika nyumba zinazokokotwa kwa magurudumu na kuegeshwa kwenye viwanja vya kukodi, ilitunga sheria ya kuwasaidia wahamishwao mwaka 1970. Sheria hiyo humtambua mtu huyo mmoja kwa sura mbili: ni mwenye nyumba, tena ni mpangaji wa kiwanja. Hulipwa kwa yote mawili, wala haulizwi kama nyumba yake imeota mizizi. Swali ni kama atapata pengine pa kuishi panapolingana na pale alipotolewa.

Watasema baadhi kuwa kulipa kila kibanda ni kukaribisha wavamizi. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake inajulikana: siku ya kuhesabu watu itangazwe, na atakayejenga baada ya siku hiyo asilipwe. Hilo ni tofauti na kumnyima aliyekuwapo miaka kumi.

Yafaa kanuni zirekebishwe ili usafiri ulipwe kwa umbali halisi, na ng'ombe wahesabiwe pamoja na masanduku. Ushahidi wa majirani na daftari la ushuru wa soko au mnada vikubaliwe mahali pa hesabu zilizokaguliwa. Kwa mfugaji, kitu cha kwanza kuthaminiwa kiwe malisho na maji ya kiangazi aliyokuwa akiyatumia, na mahali anapopelekwa pakaguliwe na mtaalamu wa malisho mwezi wa Oktoba, nyasi zinapokuwa zimekwisha, si mwezi wa Machi.