Chembe Nyeupe Nyingi Si Kinga Nyingi

Tangu enzi za kampeni za mwanzo dhidi ya Ukimwi tumezoea kuziita chembe nyeupe za damu askari wa mwili. Sitiari hiyo ilifaa kwa ugonjwa ule. Kwa lukemia, yaani saratani ya damu, inapotosha. Mzazi akiambiwa kuwa chembe nyeupe za mwanawe zimepita 50,000 katika mikrolita moja ya damu, ilhali za mtu mzima mwenye afya hazizidi yapata 11,000, yamkini atadhani mtoto ana jeshi kubwa. Kumbe nyingi ni chembe changa zilizoharibika, zilizojaa katika uboho na kuwanyima nafasi askari wenyewe. Hata Rudolf Virchow, tabibu Mjerumani aliyeupa ugonjwa huu jina mnamo 1847, aliunga tu maneno mawili ya Kigiriki, "nyeupe" na "damu". Alitaja kilichoonekana.

Kuwatambua askari halisi kuna faida. Mwaka 2008 madaktari nchini Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu watoto na vijana wenye lukemia kali, ile iendayo mbio. Wale ambao limfosaiti zao zilikuwa zimerejea vyema kufikia siku ya 15 ya matibabu walielekea kuishi zaidi kuliko wale ambao zao zilibaki chache. Hesabu hiyo hupatikana katika kipimo cha kawaida cha damu. Haiwezi kushika mahali pa kusaka masalio ya saratani katika uboho, kazi inayotaka mitambo ya gharama, lakini haifai kupuuzwa.

Hapa ndipo lugha inaponitia wasiwasi. Tukiiita hesabu hii "utabiri", mzazi atasikia ramli, na huenda akakata tamaa akamtoa mtoto hospitalini. Takwimu huzungumzia wagonjwa wengi kwa pamoja, haimhukumu mmoja. Mimi naona neno "kiashirio" lingefaa zaidi.

Mwanafunzi wetu wa sekondari hufundishwa biolojia kwa Kiingereza, kisha nyumbani huulizwa kwa Kiswahili karatasi ya maabara inasema nini. Akashindwa! Walimu wa masomo haya mawili mbona wasishirikiane? Mpeni mwanafunzi matokeo ya kipimo cha damu, yasiyo na jina la mtu, amfafanulie nyanya yake kila mstari bila kutumia neno "askari".