Rahisisha vidole, usirahisishe akili

Wachezaji gemu wakikutana, ubishi huu haukosi: eti gemu za kifantasia zimeharibika kwa sababu siku hizi kupigana ni kubonyeza kitufe kimoja hadi adui aanguke. Wakongwe watakwambia ni zamani tu ambapo mtu alizama kabisa kwenye ulimwengu wa gemu. Tulia kwanza, msee. Wamepatia nusu.

Chukua Morrowind ya 2002. Ulirusha upanga, ukauona kwa macho yako ukimpitia panya, halafu wapi! Umemkosa. Kichinichini, gemu ilikuwa ikirusha dadu kulingana na ujuzi wa mhusika wako na uchovu wake. Kimahesabu ilikuwa sawa, maana mgeni wa upanga lazima akose. Lakini macho yalikuwa yameona kingine, na papo hapo unakumbuka kwamba umekaa tu mbele ya skrini. Oblivion ya 2006 ikaiondoa dadu hiyo: upanga ukigusa, umegonga. Skyrim ya 2011 ikafuata njia hiyo hiyo. Hapo urahisi ulisaidia, tusidanganyane.

Lakini hebu itazame Skyrim vizuri. Joka linakutemea moto na umebakisha uhai kiduchu. Unafungua mkoba, kila kitu kinasimama. Joka linakungoja kwa adabu zake huku wewe ukila vipande 20 vya jibini, kisha unarudi vitani buheri wa afya. Huu sasa ndio urahisi unaoua ladha. Tatizo si kwamba vidole vilipumzika. Tatizo ni kwamba hukuwa na sababu ya kuogopa.

Ama chukua The Witcher 3 ya 2015. Geralt ni mwindaji wa mazimwi kwa malipo. Ana panga mbili, wa chuma kwa watu na wa fedha kwa mazimwi. Ukicheza levo ngumu, unasoma habari za zimwi kabla ya kulifuata, unapaka upanga mafuta yanayolidhuru, unakunywa dawa mapema. Ukishuka hadi levo rahisi kabisa, unaweza kuyapuuza hayo yote na bado ushinde. Sura ni ya Geralt, lakini kazi yake imepotea. Umekuwa mtazamaji mwenye pedi.

Sasa linganisha na Baldur's Gate 3 ya 2023. Vita ni vya zamu kwa zamu, hakuna anayekukimbiza. Kabla ya kushambulia unaonyeshwa asilimia ya uwezekano wa kugonga. Dadu iliyofichwa kule Morrowind hapa iko wazi, kwa hivyo ukikosa hujihisi umechezewa shere. Na ukimsimamisha mwenzako ukingoni mwa shimo, adui anaweza kumsukuma na huyo ameenda. Vidole vimetulia, roho iko juu juu.

Kwa hivyo usimcheke anayechagua vita vyepesi. Pengine mikono yake haiwezi kasi, au ana saa moja tu baada ya kazi. Ila wewe, kabla ya kushusha levo, jiulize unachopunguza ni nini. Ikiwa ni kubonyeza-bonyeza, punguza bila aibu. Ikiwa ni kufikiri, kujiandaa na kuogopa, basi hata michoro iwe moto namna gani, hutaingia kwenye ulimwengu huo. Utaupitia tu kama mtalii.